Na mwenye baiskeli je? Tunazungumza Jharkhand

BAKARI: Haya, tunarekodi. Karibuni tena jamani. Mimi Bakari, mwenzangu Zuhura yuko hapa, na leo kaja na macho mekundu.

ZUHURA: Sijalala vizuri tangu Jumanne, kaka. Usiku ule nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea Idrisa, mtoto wa dada yangu, yule ninayewaambiaga anasomea uhandisi wa migodi India, kule Dhanbad. Karudi likizo. Tumefika nyumbani, kala ubwabwa wake, akafungua simu anionyeshe picha. Mpaka adhana ya alfajiri tulikuwa bado tuko sebuleni.

BAKARI: Asubuhi yake ukanipigia simu kwamba kipindi cha korosho tulichopanga tukiweke kando.

ZUHURA: Korosho zitangoja. Nataka tuongelee hilo jimbo.

BAKARI: Sawa, na mimi nimejiandaa. Wasikilizaji, jimbo lenyewe ni Jharkhand, mashariki mwa India. Nina masomo matatu kwa yeyote anayetaka kuelewa uwekezaji kwenye nchi ya madini, nitayasoma mwishoni. Kwanza sura ya jimbo. Limemegwa kutoka jimbo la Bihar tarehe 15 Novemba 2000. Sensa ya 2011 ilihesabu watu karibu milioni 33, zaidi ya robo yao jamii za wenyeji wa asili: Santhal, Oraon, Munda, Ho. Serikali ya jimbo hujinadi kwamba karibu asilimia 40 ya utajiri wa madini wa India uko kwao. Makaa ya mawe, chuma, shaba, boksiti, ulanga, hata urani pale Jaduguda.

ZUHURA: Tarehe hiyo 15 Novemba haikuokotwa. Ni siku aliyozaliwa Birsa Munda, mwaka 1875. Aliwaongoza Wamunda kudai ardhi yao mbele ya Waingereza na mabwana ardhi, akafia gerezani Ranchi, ambao leo ndio mji mkuu wa jimbo, mwaka 1900, kijana wa miaka 24. Mshike huyo Birsa, tutamrudia.

BAKARI: Tutamrudia. Sasa, mji wa Jamshedpur. Kampuni ya chuma ya Tata ilianzishwa 1907, chuma cha pua cha kwanza kikatoka 1912, mahali palipokuwa kijiji kinaitwa Sakchi. Mwaka 1919 Lord Chelmsford, mtawala wa Kiingereza wa India, alikwenda pale akapabadilisha jina kumuenzi Jamsetji Tata, aliyebuni kiwanda hicho. Na katika hotuba yake alishukuru kwa reli zilizopelekwa vitani Mesopotamia, Misri, Palestina na Afrika Mashariki.

ZUHURA: Afrika Mashariki hii?

BAKARI: Hii hii. Vita vile babu zetu walibebeshwa mizigo mpaka wakafia njiani. Kwa hiyo chuma cha Jharkhand kilifika huku kabla hata sisi wawili hatujazaliwa. Halafu kuna Bokaro, kiwanda cha serikali kilichojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Na kuna Dhanbad kwa Idrisa wako, mji wa makaa, chuo chake kipo tangu 1926. Mtu akisema jimbo hili halina viwanda...

ZUHURA: Na mwenye baiskeli je?

BAKARI: Baiskeli gani?

ZUHURA: Subiri nikwambie. Picha ya kwanza aliyonionyesha Idrisa haikuwa ya mgodi. Ni barabara ya kupanda kutoka Ramgarh kwenda Ranchi, maana Ranchi iko juu, kwenye uwanda. Kuna mtu anasukuma baiskeli. Hapandi, anasukuma. Viroba vya makaa ya mawe vimefungwa kushoto, kulia, katikati ya fremu na juu ya kariya, mpaka baiskeli yenyewe huioni, unaona magurudumu tu na usukani. Kilo 200 na zaidi. Ana kijiti anachoegeshea akitaka kupumzika, kwa sababu ikianguka haiinui peke yake.

BAKARI: Kama wale wa mkaa wanaoingia mjini kutokea Kisarawe.

ZUHURA: Ndugu yao kabisa. Ila wa kwetu kuna sehemu anapanda akateremka na upepo. Huyu mlima wote kwa mabega. Ramgarh mpaka Ranchi ni kama kilomita 45.

BAKARI: Anayapata wapi hayo makaa?

ZUHURA: Anaokota kwenye marundo ya mgodi, au kwenye machimbo yaliyoachwa, au ananunua kwa waokotaji. Kisheria ni wizi, maana makaa ni ya kampuni ya serikali. Wengine huyachoma kwanza kwenye lundo moshi ukatoka, yakapungua makali, ndiyo yanafaa kupikia ndani. Wateja ni mama lishe, vibanda vya chai, tanuri za matofali.

BAKARI: Na polisi je?

ZUHURA: Idrisa anasema kila mtu anamwona. Barabara ni hiyo hiyo moja.

BAKARI: Haya, tumemwona na sisi. Nirudi kwenye takwimu. Umaskini. Taasisi ya mipango ya India, NITI Aayog, inapima umaskini kwa vitu vingi pamoja: lishe, shule, maji, nishati ya kupikia, nyumba. Mwaka 2015 hadi 2016 Jharkhand ilikuwa na asilimia 42 ya watu kwenye umaskini huo. Kipimo cha 2019 hadi 2021 kikakuta asilimia 28.8. Hiyo ni hatua kubwa sana, na watu hawaisemi.

ZUHURA: Ni kubwa, sibishi. Lakini hata hiyo iliyobaki, kwa jimbo lenye asilimia 40 ya madini? Na umetaja nishati ya kupikia. Mwenye baiskeli anaingia hapo au haingii? Yeye ndiye nishati ya kupikia ya nusu ya mtaa.

BAKARI: Kwenye takwimu za uzalishaji hayumo. Hana leseni, hana risiti.

ZUHURA: Basi hicho ndicho kimeninyima usingizi. Tunasoma taarifa ya uwekezaji, tani ngapi, megawati ngapi, na mtu anayefikisha makaa jikoni hana mstari kwenye karatasi.

BAKARI: Sawa, lakini tuulize kwa nini bado anasukuma. Mimi jibu ninalo. Tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali kuu ya India ilikuwa na sera ya kusawazisha nauli ya mizigo. Makaa, chuma, saruji: serikali inafidia usafiri, ili mwenye kiwanda Mumbai anunue chuma kwa bei ile ile ya mtu aliyekaa mlangoni mwa Jamshedpur. Sasa wewe ni tajiri, bei ni moja nchi nzima, utajenga wapi?

ZUHURA: Pwani. Kwenye bandari.

BAKARI: Enhee! Wewe wa bandari unajua. Viwanda vikaenda Maharashtra, Gujarat, Tamil Nadu. Jharkhand, wakati huo ni kusini mwa Bihar, ikabaki na mashimo na reli ya kutolea mzigo. Kwa karibu miaka 40! Faida pekee waliyokuwa nayo, kwamba madini yako uani kwao, serikali yao wenyewe ikaifuta kwa kalamu. Hili linaniuma, Zuhura. Watu wanasema laana ya madini kana kwamba ni jini. Ilikuwa sera, ina tarehe.

ZUHURA: Hilo sikulijua, na limenigusa. Lakini sera imekufa miaka ya 90. Tazama wilaya ya Godda, humo humo Jharkhand, sasa. Kampuni ya Adani imejenga pale mtambo wa umeme wa megawati 1,600, umeanza kuuza mwaka 2023. Umeme unapelekwa Bangladesh. Na makaa yake yanaagizwa kutoka ng'ambo, yanashushwa bandari ya Dhamra, jimbo jirani la Odisha, yanasafirishwa kwa treni mpaka ndani ya jimbo la makaa.

BAKARI: Makaa mengi ya India yana majivu mengi, ujue. Hata viwanda vya chuma huagiza ya kuyeyushia kutoka Australia.

ZUHURA: Najua. Lakini mama wa Godda anayeishi jirani na mtambo, anapikia nini?

BAKARI: Usiniambie baiskeli.

ZUHURA: Sisemi. Umesema mwenyewe.

BAKARI: Haya, na huko Jharia, kwenye migodi ya makaa jirani na Dhanbad? Nilitaka kumuuliza Idrisa, moto upo kweli?

ZUHURA: Upo. Unawaka chini ya ardhi tangu 1916, ndiyo mwaka ulioandikwa mara ya kwanza. Makaa yakiachwa wazi kwenye mashimo ya zamani yanapata hewa, yanawaka yenyewe, na yale ndiyo makaa bora ya India kwa kuyeyushia chuma. Idrisa kaniambia mvua ikinyesha ardhi inatoa mvuke, na ukisimama sehemu moja soli inapata joto. Kuna nyumba zina nyufa za kupitisha mkono. Watu wanahamishiwa mji mpya wa Belgaria, na wapo wanaokataa.

BAKARI: Wanakataa kukaa mbali na moto?

ZUHURA: Wanakataa kukaa mbali na kazi. Jharia unaokota makaa, unauza, jioni watoto wanakula. Belgaria una chumba, huna cha kuokota.

BAKARI: Sasa hapo ndipo ninapotaka kufika, kwenye ardhi. Na hapa najua tutagombana. Kuna sheria ya 1908, ya umiliki wa ardhi Chota Nagpur, ndiyo uwanda ule wa Ranchi. Mtu wa jamii ya asili hawezi kuuza ardhi yake ila kwa mwenzake wa jamii hizo, anayeishi eneo la kituo kile kile cha polisi, tena kwa kibali cha mkuu wa wilaya. Mimi nimekaa dawati la mikopo, mnajua. Chukua kijana wa Kimunda, ana ekari nne nje ya Ranchi, anataka karakana. Anakwenda benki. Benki inatazama ile ardhi, inajiuliza, akishindwa kulipa tutamuuzia nani? Inamrudisha nyumbani. Ana mali, lakini mali iliyofungwa kamba.

ZUHURA: Na kamba hiyo imetoka kwenye damu ya Birsa. Waingereza hawakuitunga kwa huruma, waliitunga kwa sababu Wamunda walisimama. Ifungue leo, msimu mmoja wa ukame ekari zile zote zina mwenye jina jingine.

BAKARI: Wewe unaamua kwa niaba yake kwamba hawezi kuhesabu.

ZUHURA: Wao wenyewe waliamua! Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilitaka kuirekebisha sheria, watu wakajaa barabarani. Mwaka 2017 gavana akairudisha miswada bila kuisaini. Gavana mwenyewe alikuwa Droupadi Murmu, Msanthali, ambaye tangu Julai 2022 ni Rais wa India.

BAKARI: Na marekebisho yale yangemruhusu mwenye ardhi ajenge duka au gesti kwenye shamba lake, na umiliki unabaki kwake. Kosa liko wapi?

ZUHURA: Umesoma ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili uliongeza sababu za kuichukua ardhi: barabara, reli, mifereji, nyaya za umeme.

BAKARI: Serikali haiihitaji sheria ile ili ichukue, dada! Ipo ya 1957, ya maeneo ya makaa. Inatangaza eneo, inachukua, inafidia. Kwa hiyo ulinzi wa 1908 haukuuzuia mgodi wa serikali. Unamzuia yule kijana tu asikopeshwe. Mwenye nguvu anapita, mnyonge anafungwa.

ZUHURA: Basi rekebisha ya 1957! Mlango wa mbele umevunjwa, wewe unataka tufungue na wa nyuma?

BAKARI: Nataka mwenye nyumba apewe ufunguo.

ZUHURA: Atapewa ufunguo na mkataba wa mkopo kwa pamoja. Mimi nimeona nyumba zikipigwa mnada, Bakari. Na wewe umeziona kutoka upande ule wa meza.

BAKARI: Nimeziona. Na nimeona pia watu waliojenga kwa mkopo, wakasomesha. Hao hawaimbwi popote.

ZUHURA: Hunibadilishi.

BAKARI: Wala wewe hunibadilishi. Ungemuuliza kijana wa leo, siyo wa 1908.

ZUHURA: Wa leo ndiye aliyeandamana 2016.

BAKARI: Aliandamana mmoja, mwingine alikuwa foleni ya benki.

ZUHURA: Tuendelee, maana hapa tutalala.

BAKARI: Hatujamaliza.

ZUHURA: Hatujamaliza, lakini mrabaha, yale malipo ya mwenye mgodi kwa madini anayochimba, hatujaugusa, na watu wengi waliniandikia kuhusu mrabaha.

BAKARI: Haraka basi. Tarehe 25 Julai 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya India, majaji tisa, wanane dhidi ya mmoja, walisema mrabaha siyo kodi, kwa hiyo majimbo yana haki ya kutoza kodi juu ya haki za madini. Wenye migodi walibishana na majimbo juu ya hilo kwa miaka mingi. Jharkhand ikatunga sheria yake ya tozo mwaka ule ule. Kwa mwekezaji maana yake gharama inapanda. Kwa jimbo maana yake...

ZUHURA: Maana yake pesa ya shule ipo. Na tangu 2015 kuna mifuko ya wilaya. Mwenye mgodi wa zamani anachangia asilimia 30 ya mrabaha wake, aliyepata leseni kwa mnada asilimia 10, ziende kwa watu walioguswa na uchimbaji. Hilo ningependa...

BAKARI: Fundi ananionyesha vidole, tumebakiwa na dakika mbili. Kuna watu wa kwaya wanangoja chumba.

ZUHURA: Na masomo yako matatu?

BAKARI: La kwanza lilikuwa... hapana, siwezi kulisema kwa dakika mbili, litaharibika. Na la pili linaanzia kwenye ile ardhi, utanikata tena.

ZUHURA: Nitakukata.

BAKARI: Basi tuyaache. Ila niulizie jambo kwa Idrisa. Akifika Ranchi yule bwana, viroba vimeisha, anarudije Ramgarh? Anapanda baiskeli?

ZUHURA: Nilimuuliza hivyo hivyo. Anapanda, ni mteremko. Wengine wanaiweka juu ya basi.

BAKARI: Na anauza kwa kilo au kwa kiroba?

ZUHURA: Sikuuliza. Ngoja nimpigie, yuko nyumbani.

BAKARI: Usipige sasa, Zuhura, kwaya wameshaingia. Wasikilizaji, korosho ni wiki ijayo. Mwenye hoja kuhusu dhamana ya ardhi atume sauti, na tafadhali iwe chini ya dakika mbili...

ZUHURA: Anaita. Idrisa? Uko kwenye kipindi, mwanangu. Kile kiroba...