Taya Limevunjika: Afungwe Waya au Awekewe Bamba?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sitembezi kamera mtaani, nimekaa tu hapa, kwa sababu meseji za sauti kutoka nyumbani zimekuwa nyingi na zote zinauliza jambo lilelile. Ndugu kavunjika taya la chini, daktari anataka kumfunga meno kwa waya, na familia imekasirika. "Wewe uko wodini huko ughaibuni, si siku hizi wanaweka bamba la chuma kwenye mfupa? Kwa nini wa kwetu afungwe waya kama zamani?"

Jamani, waya si tiba ya mnyonge. Huku pia tunawafunga watu meno. Mpasuaji, popote alipo, anachotafuta ni meno ya juu na ya chini yakutane kama yalivyokuwa kabla ya ajali. Mfupa ukiunga huku meno yamepishana, mtu atatafuna kwa taabu, na kurekebisha maana yake ni kukatwa mfupa upya.

Kwa hiyo kabla hamjabishana na daktari, muulizeni limevunjika wapi. Taya la chini limepinda kama upinde, ncha zake mbili zimeshikwa mbele ya masikio. Ukigongwa kidevuni, mara nyingi linavunjika hapo na pia karibu na sikio. Picha ionyeshe taya zima, sio upande unaouma tu.

Kwenye kufunga waya, kijichuma chembamba kinalazwa kufuata safu ya meno, juu na chini, kinakazwa kwa waya jino kwa jino, kisha safu mbili zinafungwa pamoja. Mtu mzima hukaa hivyo kama wiki 4 hadi 6, anakunywa chakula cha majimaji na kilo zinapungua. Mfupa ukiwa haujahama sana, hiyo inatosha kabisa, na ufizi haukupasuliwa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mgonjwa huyo asiachane na koleo ya kukatia waya. Usiku iwe kando ya mto, akitoka iwe mfukoni. Akitapika huku meno yamefungwa, matapishi yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Anayeishi naye aonyeshwe kabla hawajaondoka hospitali waya za kukata: ni zile za wima zinazounganisha juu na chini, sio zinazozunguka jino. Kama wamefunga kwa mipira, mkasi unatosha. Naumia kuona mtu anaruhusiwa na dawa za maumivu tu, koleo hakuna.

Bamba nalo lina mahali pake. Bamba dogo la titaniamu linakazwa kwa skrubu juu ya ufa, mara nyingi kwa kupasua ndani ya mdomo ili uso usibaki na kovu. Njia hii ilienea tangu miaka ya 1970, hasa kwa kazi ya mpasuaji Maxime Champy kule Strasbourg, Ufaransa. Inafaa mifupa iliyohama, iliyovunjika sehemu kadhaa, mzee asiye na meno ya kufungia, au mwenye kifafa ambaye kumfunga mdomo ni hatari. Mfupa uliosagika unataka bamba nene zaidi, na kwa jeraha la risasi wakati mwingine vyuma hukaa nje ya ngozi.

Na hata wa bamba, kwa kawaida meno yake hufungwa kwanza palepale mezani, ndipo skrubu zikazwe. Ndiyo maana mpira wa kupumulia hupitishwa puani.

Akiamka mdomo wa chini una ganzi, msikimbilie kumlaumu mpasuaji. Mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa huo, na mara nyingi uliumia siku ya ajali. Daktari apime ganzi hiyo kabla ya upasuaji na aiandike. Sigara aache, inaongeza hatari ya usaha na mfupa kutounga.

Watoto ni habari nyingine. Meno yanayokuja bado yamo ndani ya mfupa, skrubu inaweza kuyagusa. Mtoto akivunjika pale karibu na sikio, mara nyingi hapasuliwi: anapewa vyakula laini na mazoezi ya kufungua mdomo mapema. Mama, hata akilia, mfanyishe kama ulivyoelekezwa, kwa sababu kiungo kile kinaweza kuganda na mdomo ukakataa kufunguka.