Pima Umeme wa Msuli Wako Bila Sindano

Haya wadau, leo tunapima umeme wa msuli na hakuna anayechomwa sindano, tunatumia stika tu, zilezile wanazokubandika kifuani ukienda kupimwa moyo. Mezani nina stika tatu, sensa ya EMG, yaani ya kupima umeme wa msuli, yenye nyaya tatu, Arduino Uno, kibodi kidogo cha kusoma sensa na kupeleka namba kwenye kompyuta, na kompyuta iliyojaa chaji, hiyo chaji ina sababu yake tutafika. Mwenye kifaa cha umeme moyoni asijaribu, aangalie tu.

Tuanze na ngozi, hapa ndo wengi wanaharibu halafu wanasingizia sensa. Kunja mkono, uone msuli ulivyotuna mbele, palepale katikati ndo tunapataka. Kama una nywele nyoa, sugua na pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke safi, acha ikauke kabisa.

Stika mbili zinakaa hapo kwenye msuli, zifuate mkono kutoka bega kwenda kiwiko, usizipange kwa kukata mkono. Kutoka kitovu cha moja mpaka cha nyingine iwe kama sentimita 2, stika ikiwa kubwa punguza ukingo na mkasi ila jeli usiiguse. Ya tatu iende kwenye mfupa wa kiwiko, ndo ya kulinganishia. Mi siku ya kwanza niliibandika kwenye msuli mwingine, nikahangaika jioni nzima namtukana fundi aliyeniuzia sensa, kumbe makosa yangu.

Waya wa sensa wa kutolea mawimbi ingiza kwenye tundu la Arduino lililoandikwa A0. Kwenye kodi ya Arduino, spidi ya kutuma namba kwenye kompyuta weka 115200, ile 9600 achana nayo, maana mawimbi ya msuli yanafika hata hezi 500, yaani mara 500 kwa sekunde, kwa hiyo tunataka vipimo mara mbili yake, kama 1000 kila sekunde, na 9600 haiwezi kuvibeba.

Sasa chomoa chaja ya kompyuta! Kwanza ni usalama wako, umebandikwa nyaya mwilini, halafu umeme wa ukutani wa hezi 50 unajipenyeza kwenye grafu, utaona mawimbi yamepangana vizuuri hata ukiwa umetulia, ukadhani ni msuli.

Fungua grafu kwenye kompyuta, legeza mkono, mstari unatulia. Nyanyua chupa ya maji ya lita moja na nusu... umeona hiyo? Hiyo sensa imeikuza, kwenye ngozi ni milivolti chache tu.

Kama kesho unataka kulinganisha, zungushia stika kalamu kabla hujabandua, zikihama kidogo tu namba zinakuwa nyingine.