Vunja Uti Kwanza: Tumbaku ya Nyumbani Katika Baridi ya Nairobi

Mhadhara kwa wakulima wa vishamba vya nyumbani, Uthiru, mwezi wa Julai

Hamjambo? Na nyinyi wa huko nyuma mliojifunika mashuka, hamjambo? Vizuri.

Ratiba inasema nianze na mbegu, nimalizie na ugoro. Sifanyi hivyo. Nikianza na mbegu tutafika kwenye kukausha saa sita, na wakati huo mtakuwa mkinusa githeri kutoka jikoni. Kila mwaka ni hivyo. Watu wanarudi nyumbani wakijua kupanda, halafu Agosti mtu ananibishia hodi na gunia la majani meusi, ananiuliza dawa ni ipi. Dawa hakuna.

Kwanza nishikieni jani hili. Lililala juu ya jiko usiku kucha, kisha nikalifungia ndani ya mkebe. Sikilizeni linavyolia, kama karatasi ya mkate. Lipitisheni polepole, kila mtu aliguse, lakini lirudi kwangu.

Mbegu nazisema kwa pumzi moja. Ni vumbi. Gramu moja ina zaidi ya mbegu 10,000, kwa hivyo changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya kitalu, usifukie, kwa sababu inataka mwanga ili iote. Wiki 6 hadi 8 unahamisha miche. Maua yakitokeza, kata kichwa. Machipukizi yakitoka kwapani mwa majani, yang'oe, kila wiki. Vuna kuanzia chini kwenda juu, jani likianza kugeuka rangi. Basi. Aliyewahi kulea nyanya ataweza, maana hawa ni ndugu wa ukoo mmoja: tumbaku, nyanya, viazi, biringanya, pilipili. Nimesema nyanya ya kachumbari, si nyanya aliyemzaa mama yako. Ingawa wangu alikuwa na ugoro kwenye kibuyu kidogo kiunoni, kwa hivyo huenda naye ni ndugu.

Naona mama mmoja ametikisa kichwa. Najua swali lako, huulizwa kila mara: wewe mzee, mbona unafundisha watu sumu? Mama, mimi sivuti na sinusi. Sijamwambia mtu yeyote hapa aanze. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na mimi naongeza kwamba hata aliye na miaka 50 hana haja nayo. Lakini wazee wetu wanayo, inapandwa nyuma ya nyumba mche kumi hapa, ishirini pale, na haitangoja ruhusa yangu wala yako. Kinachoniumiza ni kingine. Jani likiota kuvu, mwenyewe hakubali hasara. Analisaga. Likishasagwa na magadi likawa ugoro, nani ataona kuvu? Halafu mzee wa miaka 80 anaivuta puani. Nchi hii mwaka wa 2004 ilizika watu 125 huko Ukambani kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya kuvu. Sisemi ugoro ni mahindi. Nasema sisi, kati ya watu wote, hatuna ruhusa ya kuichezea kuvu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Wengine mmeisikia, isikieni tena.

Nilifanya kazi ya ugani Migori miaka mingi. Kule jani la kampuni za sigara hukaushwa kwa moto ndani ya banda, joto likipita kwenye mabomba, moshi usiliguse jani. Inachukua wiki moja hivi, na kuni zinazokwisha ni msitu, hilo tuliache leo. Nilipostaafu nikaja hapa, nikasema, mimi mtaalamu, nitamwonyesha jirani. Nikapanda miche 60. Nikavuna katikati ya Juni, nikatundika yote siku mbili, ndani ya stoo ya mabati. Majani kama 850.

Ngoja tupige hesabu ambayo mimi sikuipiga. Jani bichi moja, weka gramu 50. Majani 850 ni zaidi ya kilo 40. Katika kila kilo 10 za jani bichi, maji ni kilo 8 hadi 9. Maana yake nilitundika hewani karibu mitungi miwili ya maji ya lita 20, mitungi ileile mnayobeba wiki ambayo mfereji umekauka. Kisha nikafunga mlango. Kisha, kwa akili zangu za Migori, nikawasha jiko la makaa ndani.

Hapo nisimame kidogo. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala haikuamka. Mimi niliponyoka kwa kuwa nililala nyumbani, si stoo. Msinifuate.

Asubuhi saa kumi na mbili nikafungua. Mvuke ukanipiga usoni, miwani ikafunga. Nikasikia ta, ta, ta. Nikadhani mvua. Haikuwa mvua. Joto la jiko lilikuwa limetoa maji kwenye majani, maji yakapanda na hewa, yakakutana na mabati baridi ya usiku wa Juni, yakageuka matone, yakarudi chini kwenye majani yaleyale. Mvua yangu binafsi. Kila tone lilipoanguka palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa shilingi. Nami nikafanya nini? Nikaongeza makaa.

Siku ya tisa stoo ilinuka kama soksi zilizosahaulika ndani ya gumboti. Ukitazama kutoka mlangoni majani yalikuwa ya kahawia, mazuri. Ukigeuza upande wa chini, uti mzima wa katikati ya jani una manyoya meupe. Jirani yangu, mama mzee anayetengeneza ugoro tangu kabla sijaoa, akaingia, akatazama juu, akatazama jiko, akaniuliza, "Mwanangu, unayakausha ama unayazika?"

(Kicheko.)

Chekeni. Yeye hakucheka. Alichukua jani moja ambalo mimi nililihesabu kuwa limekauka. Bapa lake, ile sehemu pana ya jani, lilikuwa kama karatasi. Akashika uti wa kati kwa vidole viwili karibu na kikonyo, akaupinda. Ukapinda kama mpira. Akaukwaruza kwa ukucha, maji yakatoka. Akasema, bado huyu. Na ndiyo elimu yote niliyokuja nayo leo: bapa linadanganya, uti hausemi uongo. Ukiupinda ukavunjika tak! kama kijiti, mpaka kwenye kikonyo, umemaliza. Ukipinda, rudisha kwenye kamba. Hata kama umengoja wiki sita. Hata kama soko ni kesho.

Kuna mtu atasema, kwani si nianike juani siku tatu nimalize? Kijana, ndiyo, wewe. Litakauka, tena vizuri sana, na litabaki kijani, na ladha yake itakuwa majani ya ng'ombe. Jani likishakatwa halijafa. Linaendelea kupumua, linakula wanga wake lenyewe, linavunja ile rangi ya kijani hadi manjano itokeze, kisha kahawia. Kazi hiyo inataka maji na inataka muda, wiki nne hadi nane kwa jani la kuanikwa kivulini. Ukilikausha ghafla umeliua katikati ya kazi. Hata kule Migori, kwenye moto wote ule, siku mbili za mwanzo joto linashikiliwa kwenye digrii 35 hadi 38 na unyevu unaachwa mwingi kwa makusudi, mpaka jani liwe manjano. Ndipo joto linapandishwa, hadi digrii 70 na kitu mwishoni, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya uti. Nililijua hilo kazini miaka yote, nikalisahau stooni kwangu.

Kwa hivyo msilaumu unyevu wa Nairobi. Januari na Februari, jua likiwaka mchana, mimi hunyunyiza maji sakafuni ili jani lisikauke likiwa kijani. Julai nafanya kinyume. Hewa ikikaa bila kusogea katikati ya majani yaliyobanana, hapo ndipo kuvu inapozaliwa. Kati ya jani na jani acha nafasi ya kiganja. Mgongo kwa mgongo, yasikumbatiane. Chini ya mabati funga magunia au mabua ya mahindi, yanywe yale matone. Fungua mlango na dirisha la upande wa pili saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka, funga saa kumi. Siku ambayo jua halikutoka kabisa, na mnazijua siku hizo, afadhali uache upepo upite kuliko kufunga.

Utajuaje hewa imelowa kiasi gani? Kipimaunyevu kipo madukani, nunua ukiweza. Usipoweza, chukua kisahani cha chumvi ya jikoni iliyokaushwa kwenye sufuria, kiweke stooni. Chumvi huanza kunyonya maji hewani unyevu ukivuka asilimia 75, na jani linataka asilimia 65 hadi 70. Ukikuta chumvi imelowa saa sita mchana, usiongeze jani hata moja humo ndani. Ikilowa usiku ikakauka mchana, lala usingizi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona. Kuchachusha, kulundika majani na kuyageuza, hilo litangoja siku nyingine. Ugoro na kipimo cha magadi, vilevile. Panya, sijui, nunueni paka.

Lakini hili moja sitaliacha: msivune jani likiwa na umande. Nikotini inapenya kwenye ngozi yenye maji. Nimeona Migori vijana wenye nguvu wakitapika, kizunguzungu, kichwa kinagonga, na hawajavuta hata sigara moja. Vaa mikono mirefu, ngoja umande ukauke, na watoto wasitumwe kuvuna. Na yule anayechemsha majani ya tumbaku anyunyizie sukuma wiki kuua wadudu, aache, ni sumu hiyohiyo na sisi ndio tunaoila.

Jani langu liko wapi? Lileteni mbele. Asante.

Tazameni. Lilipotoka hapa lilikuwa linalia. Limepita mikononi mwa watu wote humu, katika baridi hii, na sasa nalikunja mara mbili, nalikunjua, halivunjiki. Uti wake ulikauka tangu Machi. Kilichorudi ni unyevu kidogo tu wa hewa. Ndiyo maana tumbaku iliyoiva hufungwa mafungu asubuhi ya ukungu. Ukiishika mchana wa jua itakuwa unga mkononi.

Na ncha iko wapi? Nani amekata ncha? ... Haya, mzee, weka mfukoni. Ila ukifika nyumbani nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa miche yako ya nyanya. Kuna kirusi cha tumbaku kinachotia majani mabaka, na kinasafiri kwa vidole.