Antena ilikuwaka ni mkono wa mtoto

Jambo wazazi, jambo na nyinyi vijana mlioshimama kule mlangoni, ingieni tu, nafasi iko. Niliombwa niongelee utoto wetu wa hapa Goma na vyombo vya zamani vya nyumbani, na mimi naona hayo mambo mawili ni jambo moja. Vile vyombo havikuwaka vinafanya kazi peke yake, vilitaka mtoto, na huyo mtoto kwa sababu alihitajiwa, wakubwa walimuachia mambo mengi bila kumfuata nyuma nyuma.

Tuchukue radio. Radio ya nyumbani ilikula mawe sita, yaani betri, na mawe yalikuwa ghali, kwa hiyo yakichoka hayatupwi, mtoto anayatoa anayapanga kwenye bati kwa jua kali, anayageuza, jioni anayarudisha na radio inaamka tena kidogo. Sababu tulikuja kuijua baadaye, kwamba ndani ya jiwe mna dawa inayokula zinki pole pole ndiyo inatoa umeme, na joto linaisukuma itoe kale kalikobaki, haliongezi kitu kipya. Ila ukipanga jiwe moja kichwa chini radio haisemi, na ni hapo tulijifunza kwamba volti 1.5 mara sita ni 9 na kwamba zinafuatana kwa mstari, mwalimu alipokuja kuandika hiyo hesabu ubaoni vidole vyetu vilikuwa vinaijua zamani.

Halafu jioni, saa ya habari. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iko hewani tangu 1957, ile ya Ujerumani tangu 1963, na zote zilitufikia kwa mawimbi mafupi, yale yanayopanda juu sana angani yanagonga tabaka fulani na kurudi chini, ndiyo maana usiku yanakuja yanapotea yanakuja tena. Antena yenyewe ilivunjika siku nyingi, kumefungwa waya wa shaba, na waya unataka mtu wa kuushika. Huyo mtu ni mtoto. "Simama hapo hapo, usitikisike!" Unasimama mkono juu, wazee wamekaa kimya, habari ya dunia nzima inapita mwilini mwako kabla ya kuwafikia wao. Jamani, mtoto wa miaka minane akishapewa kazi kama hiyo hasahau, mimi mpaka leo nikisikia mlio wa saa ya habari mkono unataka kuinuka.

Kaseti nayo. Philips waliitoa 1963, na yule aliyetengeneza kalamu ya Bic sijui kama aliwahi kuifikiria, lakini pembe sita za kalamu zinaingia sawa sawa kwenye meno ya kaseti, kwa hiyo hatukurudisha nyuma kwa mashine, tulizungusha kwa kalamu ili mawe yasiishe. Tepu ikimezwa unaivuta taratibu, ikikatika unaunga na skochi, ile karatasi ya gundi, upande wa mgongo wake, usiweke ule upande unaogusa kichwa cha mashine utaharibu sauti. Na kaseti haikuwaka ya muziki tu, familia za Bukavu zilituma barua za sauti, bibi anaongea dakika thelathini, salamu za jina moja moja, kuku anasikika nyuma, kisha kaseti inapanda boti inakuja Goma mfukoni mwa mtu.

Sasa kazi ikiisha, au umetumwa makala ya kupikia na hauharakishi kurudi, hapo ndipo tulikuwaka huru kabisa. Tulichonga chukudu zetu ndogo, zile baiskeli za mbao za kusukuma na mguu, magurudumu ya mbao yamevikwa mpira wa tairi, breki ni kipande cha mpira unachokandamiza na mguu nyuma, goti unaliwekea kandambili iliyokatwa. Tulishindana kwenye mteremko tukiwaiga wale wazee wanaoshuka kutoka Kibumba na viazi na makabichi.

Lakini kuna mahali hata sisi hatukwenda. Mazuku. Ile hewa inayotoka chini ya ardhi ya volkano, ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mabonde madogo, zaidi asubuhi mapema na usiku kama hakuna upepo. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani hapandi tena. Nani alitufundisha? Wale wakubwa wetu kidogo, wa miaka kumi na mbili hivi: ukiona wadudu na ndege wamekufa shimoni usishuke, na mwenzako akianguka mule usimfuate, kimbia uite watu. Ile sheria ya mwisho ni ngumu sana kwa mtoto, na tuliishika.

Sitaki kupamba. Ziwa Kivu lilichukua watoto, na maji tuliyochota mule na mabidon yalileta kipindupindu, nani hapa hakuzika jirani. Mzazi anayemfungia mtoto ndani ya parsele, kiwanja cha nyumba, leo simlaumu. Ninachosikitikia ni kingine: simu imefungwa kwa gundi, haimuombi mtoto kitu isipokuwa macho yake, na mtoto tumemtoa barabarani tukamuweka mbele ya chombo kisichomhitaji.

Ndiyo maana niliwaomba mje na radio zilizokufa, najua kila nyumba iko nayo moja chini ya kitanda. Wazazi mkae mlipo, tafadhali, hata wakikosea msiwasaidie. Nyinyi wadogo sogeeni mbele, turnevisi, yaani bisibisi, ziko kwenye hilo kopo, mawe yatoeni kwanza, na skrubu wekeni kwenye sahani, ni ndogo zinapoteaka.