Msimu Umekwisha, Barua Imetoka: Haki Zako Ukipoteza Kazi

ZUHURA: Assalaam aleikum, hamjambo wasikilizaji. Ni mwezi wa Mei hapa Malindi, kusi limeshika, mvua haina adabu, na ukipita Casuarina utaona mageti ya hoteli yamefungwa minyororo. Wafanyakazi wengine wameambiwa warudi Julai, wengine wamepewa barua, na wengine hawakuambiwa kitu, wamekuta askari tu getini. Mimi ni Zuhura.

KAZUNGU: Na mimi Kazungu. Bi Zuhura alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi hotelini, mimi nilikuwa nabeba sinia kwenye mkahawa. Leo hatuna mgeni, tunatosha wenyewe.

ZUHURA: Tunatosha na kubaki.

KAZUNGU: Nianze na ujumbe wa msikilizaji wa Maweni. Anasema ameona video ya jamaa yuko Marekani, kafutwa kazi Ijumaa, Jumatatu anajaza fomu kwenye simu, halafu analipwa kila wiki huku anatafuta kazi nyingine. Anauliza, hiyo fomu kwetu inapatikana Huduma Center ama kwa chifu?

ZUHURA: Si Huduma Center, si kwa chifu. Haipo. Kenya hakuna malipo ya serikali kwa mtu kwa sababu amepoteza kazi. Nalisema mapema ili mtu asipange foleni bure, ama asimpe mjanja mmoja shilingi mia tano "amsaidie kujaza".

KAZUNGU: Na wa kuzipokea hizo mia tano wapo.

ZUHURA: Wapo, tena na muhuri wanao. Huko Marekani kila jimbo lina mfuko wake, waajiri ndio wanaotozwa kodi ya kuujaza, na majimbo mengi hulipa hadi wiki 26. Na hata huko, ukiacha kazi mwenyewe bila sababu ya maana, kwa kawaida hupati kitu.

KAZUNGU: Kwani twende Marekani ya nini? Vuka Lunga Lunga tu. Tanzania NSSF yao, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fao la mtu aliyepoteza ajira. Umechangia miezi 18 au zaidi, umeachishwa, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi sita.

ZUHURA: Na aliyejiuzulu mwenyewe?

KAZUNGU: Hayumo.

ZUHURA: Ndiyo nataka watu walisikie hilo. Huko Marekani, huko Tanzania, na hapa Malindi pia, jinsi ulivyotoka kazini ndiyo inayoamua utapata nini. Kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Imeandikwa vizuri kabisa. Lakini mfuko wa kumlipa aliyepoteza kazi hatuna. Kwa hiyo chako ni kile unachotoka nacho mlangoni, na hicho kiko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007. Ukitoka vibaya, hakuna ofisi ya kukujazia pengo.

KAZUNGU: Sasa tuwe mlangoni hapo. Mimi nimeona inavyofanyika. Unaitwa ofisini saa kumi jioni, zamu inakaribia kwisha. Meneja anakuchekea, anakuambia keti. Mezani kuna karatasi mbili na bahasha imetuna. Karatasi ya kwanza imeshapigwa chapa, jina lako limo: "Mimi fulani naacha kazi kwa hiari yangu." Ya pili inasema umelipwa haki zako zote na huna dai lolote. Kalamu imewekwa juu, tayari imefunguliwa.

ZUHURA: Na bahasha iko upande wake yeye, si wako.

KAZUNGU: Haswa! Na anakuambia, "Tia saini, nenda kapumzike, msimu ukianza tutakupigia."

ZUHURA: Hapo ndipo watu wanapoacha pesa zao. Saini ya kwanza inakugeuza kutoka mtu aliyepunguzwa kazini ukawa mtu aliyejiondokea. Saini ya pili, watu huidharau wakasema "haina nguvu, nilishinikizwa". Ina nguvu. Kuna kesi mahakama zimesema haya ni mapatano, mtu mzima ametia saini, yamekwisha. Uthibitishe kwamba ulilazimishwa, na kuthibitisha hilo si kazi ndogo.

KAZUNGU: Basi mtu afanye nini? Ana njaa, bahasha anaiona.

ZUHURA: Aombe nakala, aseme anakwenda kuisoma nyumbani. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutia saini siku hiyo hiyo. Wakimkatalia nakala, aipige picha kwa simu. Na kama ni lazima apokee pesa, aandike kwa mkono wake juu ya saini: "Nimepokea shilingi kadhaa, bado nina madai." Meneja atakunja uso. Akunje.

KAZUNGU: Haya, tuweke hesabu. Tuseme mhudumu analipwa 26,000 kwa mwezi, amefanya miaka minane na miezi minane. Hoteli inasema biashara imeanguka, inapunguza watu.

ZUHURA: Hiyo ni kupunguzwa kazini, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira. Kwanza, notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kwake yeye au kwa chama chake, na afisa wa leba, yule wa kazi wa serikali, naye aarifiwe. Siyo siri ya meneja na mhasibu. Halafu fidia, isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

KAZUNGU: Uliokamilika. Kwa hiyo ile miezi minane?

ZUHURA: Imekwenda na maji. Miaka minane mara siku 15 ni siku 120. Sasa ukigawanya 26,000 kwa siku 26 za kazi, siku moja ni 1,000, fidia ni 120,000. Ukigawanya kwa 30, inashuka mpaka 104,000.

KAZUNGU: Elfu kumi na sita imepotelea kwenye kugawanya!

ZUHURA: Na mhasibu hakuulizi unapenda ipi. Nimeona hesabu zikifanywa kwa njia zote mbili, kwa hiyo muulize ametumia ipi na kwa nini. Angalia na makubaliano ya chama, kwa sababu 15 ndiyo kiwango cha chini cha sheria, na mikataba ambayo KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, imesaini na hoteli inaweza kuwa na siku zaidi.

KAZUNGU: Bado hatujaweka mshahara wa notisi.

ZUHURA: Kama hawakutoa notisi, wanalipa mwezi mzima, 26,000. Siku za likizo ambazo hakuzichukua zinageuzwa pesa. Siku alizofanya mwezi huo analipwa. Na wasichague wa kupunguza kwa kuangalia nani anasumbua. Sheria inataka waangalie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu.

KAZUNGU: Na mtu aliyefukuzwa kwa kosa? Tuseme wanasema ameiba chupa ya mvinyo.

ZUHURA: Kifungu cha 41. Aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, ajitetee, na awe na mwenzake au mwakilishi wa chama pale ndani. Mimi nimekaa kwenye vikao hivyo, na mara nyingi barua ya kufukuza ilikuwa imeshaandikwa kabla mtu hajafungua mdomo. Sasa hata akifukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa, pesa alizozifanyia kazi mpaka siku hiyo ni zake. Watu hawajui hilo, wanaondoka wameinamisha kichwa na mshahara wao wanauacha.

KAZUNGU: Na ikionekana alionewa?

ZUHURA: Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia mpaka mshahara wa miezi 12. Mpaka, jamani. Si kila mtu anapata 12. Wapo wanaokuja na hesabu ya 12 na kiwanja wameshakiona Muyeye.

KAZUNGU: (anacheka) Wameshaanza na kupima.

ZUHURA: Sasa aliyejiuzulu kweli, kwa hiari. Huyu anapata siku alizofanya na likizo yake. Fidia ya siku 15 hana. Na asipotoa notisi, mwajiri ndiye anayemdai yeye mshahara wa mwezi. Kwa hiyo hasira za "naacha kazi yenu leo leo" mbele ya wageni zina bei.

KAZUNGU: Lakini Bi Zuhura, kuna wale wanaosumbuliwa mpaka waondoke. Mshahara miezi mitatu hamna, anahamishwa kutoka mapokezi anapelekwa kufua mashuka.

ZUHURA: Huyo amesukumwa, na mahakama inalijua jambo hilo. Lakini barua yake iseme. Asiandike "kwa sababu za kifamilia" kwa ajili ya kustahi watu, halafu baadaye aende kusema alinyanyaswa. Aandike: sijalipwa Februari, Machi na Aprili, siwezi kuendelea.

KAZUNGU: Swali la Watamu: "Mimi kila mwaka nasaini mkataba wa Julai mpaka Aprili. Nadai fidia ya kupunguzwa?"

ZUHURA: Mkataba wenye tarehe ya kuisha, tarehe ikifika umekwisha. Hapo hakuna aliyepunguzwa. Lakini soma tarehe zako. Kama mkataba unasema Aprili mwishoni na wamekutoa Februari kwa sababu wageni wachache, hiyo ni hadithi nyingine. Na kibarua anayelipwa kwa siku, akifanya mfululizo mwezi mzima na zaidi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Hawezi kuambiwa tu "kesho usije".

KAZUNGU: Na wale wa "nenda nyumbani bila mshahara, tutakuita"? 2020 ndege za nje zilipozuiwa mwezi wa Machi, nusu ya Malindi ilikwenda nyumbani hivyo.

ZUHURA: Likizo bila malipo ni mapatano, si amri. Ukikubali, iandikwe mpaka lini. Isiyo na mwisho ni kufukuzwa kwa lugha laini.

KAZUNGU: NSSF. Hili swali limekuja nyingi mno. "Nimepoteza kazi, nikachukue NSSF yangu."

ZUHURA: Una miaka mingapi? Pensheni yenyewe ni miaka 60, na aliyestaafu mapema anaweza kuanzia 50. Kijana wa miaka 31 hata aende ofisini na barua ya kufutwa imepigwa lamineti, hapewi. Anachoweza kufanya leo ni kuangalia kama michango aliyokatwa ilifika kweli. Na kama hukuwahi kuandikishwa NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, kumbuka kudai kiinua mgongo, kwa sababu sheria inakinyima tu kwa wale waliomo.

KAZUNGU: Na hospitali? Makato ya asilimia 2.75 ya mshahara yalikuwa yanakwenda kupitia kwa mwajiri.

ZUHURA: Mshahara ukikatika, nayo yamekatika. Nenda SHA, ile mamlaka ya bima ya afya, ubadilishe, uingie kama mtu asiye na mshahara. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka. Usingoje mpaka mtoto augue.

KAZUNGU: La mwisho, na hili mimi linanihusu kwa sababu mjomba wangu yumo. Wafanyakazi wa nyumba za Wataliano. Mpishi, askari, shamba boi. Mwenye nyumba amerudi kwao, simu hashiki, hakuna mkataba wa maandishi, na msimamizi anasema "mimi sijui, mimi pia naajiriwa".

ZUHURA: Msimamizi anajua sana. Sheria ikisema "mwajiri" inamhesabu pia wakala, msimamizi na meneja wake. Kwa hiyo dai lina mlango wa kubisha hapa hapa Malindi, si lazima Milano. Na kukosa karatasi si mwisho. Kazi ya kuandika mkataba ni ya mwajiri; asipouleta mbele ya mahakama, ni yeye wa kuthibitisha kwamba unayosema si kweli. Wewe leta unachokuwa nacho.

KAZUNGU: Kama M-Pesa.

ZUHURA: M-Pesa ndiyo karatasi ya mshahara ya watu wengi hapa. Kila tarehe tano 15,000 kutoka namba ile ile, mwaka baada ya mwaka, nani atasema hukuwa kazini? Na ujumbe wa WhatsApp: "nunua chakula cha mbwa, fundi wa bwawa anakuja kesho." Usibadilishe simu ukaupoteza. Chapisha kule mjini, peleka leba. Kulalamika leba hulipi kitu. Malalamiko ya kufukuzwa yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Yakishindikana kuna mahakama ya kazi, na Malindi ipo. Huko muda ni miaka mitatu, halafu mlango unafungwa.

KAZUNGU: Mjomba anasema ataka kwanza amsubiri mzungu arudi Desemba, wazungumze kiungwana.

ZUHURA: Aliachishwa lini?

KAZUNGU: Mwezi wa tatu, mwishoni.

ZUHURA: Basi hiyo miezi mitatu hata Julai haifiki. Azungumze kiungwana Desemba, lakini leba aende Jumatatu. Na amwombe msimamizi cheti cha utumishi. Hicho ni haki ya mtu aliyefanya kazi wiki nne au zaidi, si hisani. Kionyeshe jina, kazi aliyofanya, alianza lini, aliacha lini. Hakitaji tabia wala kosa, kwa hiyo wasimtishie nacho.

KAZUNGU: Nitampeleka mwenyewe kwa pikipiki.

ZUHURA: Na simu yake aichaji.