Safari ya Ndege Hupangwa Kuanzia Mwisho

Mabibi na mabwana, safari ndefu ya ndege inahitaji mafuta kiasi gani? Inategemea uzito wa ndege. Na uzito wenyewe unategemea mafuta iliyobeba. Kwa hiyo kompyuta huanzia ndege ikiwa imetua: ndege tupu, abiria, mizigo na mafuta ya akiba. Akiba ya mwisho kwa jeti ni ya dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja. Kutoka hapo inarudi nyuma hadi kuruka, ikirudishia mafuta yaliyochomwa njiani.

Awamu inayonivutia kuliko zote ni kupanda. Injini ikishashinda ukinzani wa hewa, nguvu inayobaki ina kazi mbili tu: kuongeza kimo au kuongeza mwendo. Vielelezo vya BADA, yaani hesabu za kompyuta za utendaji wa ndege za EUROCONTROL, shirika la Ulaya la usalama wa usafiri wa anga, vinavyotumika kutabiri njia za ndege, vimejengwa juu ya kanuni hiyo. Katika anga nyingi, chini ya futi 10,000 rubani hapaswi kuzidi maili za baharini 250 kwa saa. Akishapita hapo anaongeza mwendo, kisha anaushikilia uleule kwenye saa yake ya kupimia mwendo huku akizidi kupanda. Lakini hewa inazidi kuwa nyepesi na baridi, na mwendo huohuo kwenye saa unazidi kuukaribia mwendo wa sauti. Ndege ikifika, tuseme, Mach 0.78, yaani asilimia 78 ya mwendo wa sauti, kielelezo hubadili kanuni: sasa kinachoshikiliwa ni Mach.

Katika safari ya juu ndege ni nzito mwanzoni, kwa hiyo hukaa chini kidogo. Mafuta yakipungua, hupanda tena, mara nyingi futi 2,000 kwa mkupuo. Upepo nao husikilizwa: njia ndefu kidogo yenye upepo wa nyuma huweza kuishinda iliyo fupi.

Kushuka kuna kanuni ambayo marubani huibeba kichwani: maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000. Kutoka futi 36,000, ndege ianze kushuka ikiwa bado maili 108, yaani kilomita 200 hivi, kufika, injini zikiwa zimepunguzwa kabisa. Ikiwahi, itachoma mafuta bure kwenye hewa nzito ya chini. Ikichelewa, rubani atalazimika kuinua vibao vya mabawani ili kuutupa mwendo na kimo ambavyo mafuta yake yameshalipiwa. Na mwongoza ndege akimwambia asubiri kwenye kimo fulani kwa sababu ya foleni, hesabu yote ya kushuka inaanza upya papo hapo.