Dawa za kienyeji kwenye tangi la mafuta: kabla ya kuungua na baada ya kuungua

Habari za mchana, wakubwa kwa wadogo. Mafundi, madereva wa malori, wenye bodaboda na wenzetu wa boti, karibuni.

Hoja inayosikika sana gereji kutetea dawa ya kuchanganya nyumbani, yaani kitu ambacho mwenye gari anaongeza mwenyewe kwenye petroli au dizeli, ni hii: "Mbona gari linatembea?" Ni kweli, linatembea. Karibu kila kimiminika kinachowaka kitazungusha injini kwa muda, kwa hiyo kutembea hakuthibitishi kitu. Fundi anauliza maswali mawili. Kabla ya kuungua, kitu hiki kinaifanya nini mipira, pampu na nozeli? Baada ya kuungua, kinaacha nini nyuma? Nitapitisha dawa za mtaani kwenye maswali hayo. Nyingine nitazigusa tu, ila spiriti na mafuta ya taa tutakaa nazo.

Spiriti kwanza. Hapa mezani kuna mtungi wa kupimia wa mililita 100, wa maabara, wenye mistari. Ndani mna petroli mililita 90. Naongeza pombe kali ya kienyeji mililita 10, naziba, natikisa nusu dakika, naweka chini. Walioko mbele mtaona kwanza mawingu, halafu mstari unajichora karibu na kitako. Juu ya mstari ni petroli. Chini yake ni maji yaliyobeba sehemu kubwa ya ile pombe.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Petroli iliyochanganywa na asilimia 10 ya ethanoli, yaani pombe yenyewe bila maji, inaweza kushika maji takriban nusu mililita kwa kila mililita 100, zaidi kidogo kukiwa na joto. Pombe ya kienyeji nusu yake ni maji, mara nyingi hata zaidi. Mililita 10 hizi zimeingiza maji mililita 5 au kupita, yaani mara kumi ya kile petroli inachoweza kubeba. Spiriti ya dukani yenye nguvu ya asilimia 95 ni afadhali, lakini nayo inaleta nusu mililita kamili. Mko ukingoni kabisa. Matone ya unyevu yaliyokuwa tayari kwenye tangi, pamoja na ubaridi wa alfajiri, yanatosha kuitenganisha.

Yakishatengana, maji yanakaa chini, na chini ndiko pampu inakovuta. Kwenye pikipiki ya kabureta dalili yake inachekesha kidogo: koki ikiwa kwenye ON injini inaunguruma vizuri, kwa sababu kile kibomba cha ndani kinachukua mafuta juu ya kitako. Ukigeuza RES, inazima. Watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili, kumbe ni maji. Fungua bakuli la kabureta utakuta unga mweupe kwenye kuta zake. Hiyo ni aluminiamu na zinki zinazoliwa.

Mtu atauliza, mbona Brazil wanauza petroli yenye ethanoli zaidi ya asilimia 25? Wanauza, ndiyo. Ethanoli yao ya kuchanganya imekaushwa maji kiwandani, na magari yametengenezwa kwa mipira na mipangilio inayoiweza. Tena ethanoli ina oksijeni ndani yake. Gari la injekta lenye sensa ya oksijeni linajirekebisha na kuongeza mafuta. Kabureta haijui kujirekebisha: mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo, plagi inatoka nyeupe, na kichwa cha pistoni kinapata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Mtungi huu unatumika kinyume pia. Ukishuku petroli uliyonunua ina spiriti, weka maji mililita 10, jaza petroli mpaka 100, tikisa, subiri dakika kumi. Maji yakibaki 10, hamna spiriti. Tabaka la chini likipanda likafika 16, umepata angalau mililita 6 za spiriti kwenye petroli yako.

Sasa mafuta ya taa. Historia yake hapa kwetu mnaijua, kwa sababu tofauti ya bei ndiyo iliyoyaingiza kwenye matangi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ipungue. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Lakini leo sizungumzii mchakachuaji wa kituo, nazungumzia mwenye gari anayetia mwenyewe, akiamini kwamba "yanasafisha".

Kwenye petroli hayasafishi kitu. Petroli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 30 na kitu; mafuta ya taa mpaka nyuzi 150 hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi, hayageuki mvuke. Yanabaki matone, yanateremka ukutani mwa silinda, yanaosha oili ya ringi, yanaingia kwenye bakuli la oili. Chomoa stiki ya kupimia oili: oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, na ukiinusa unajibiwa. Oili hiyo nyepesi ndiyo sasa inalinda beringi za kranki. Injini ikishapata moto linakuja tatizo la pili, oktani, yaani uwezo wa mafuta kubanwa bila kujiwasha yenyewe. Ya mafuta ya taa iko chini mno, kwa hiyo mchanganyiko unajiwasha kabla ya wakati wake na injini inagonga ikipanda mlima na mzigo. Kugonga huko kukiendelea, kunavunja kingo za ringi na kutoboa pistoni.

Je, haidromita, kile kipimo cha kuelea cha uzito wa kimiminika, inaweza kuyagundua? Petroli ya uzito wa kilo 0.74 kwa lita ikitiwa asilimia 10 ya mafuta ya taa ya 0.80, inapanda kwa 0.006 tu. Petroli hiyohiyo ikipoa nyuzi saba, inapanda karibu kiasi hichohicho. Bila kupima joto, haidromita itakudanganya. Karatasi nyeupe ni bora kwa uchunguzi wa haraka: dondosha tone moja, subiri dakika mbili kivulini. Petroli safi inaondoka. Ikibaki alama ya mafuta inayoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, kuna kitu kizito ndani.

Kwa wenzetu wa boti niseme jambo moja. Zipo mashine za boti zilizotengenezwa kiwandani kutumia mafuta ya taa. Zina mgandamizo mdogo, na zinawashwa kwa petroli kwanza, kisha zinageuzwa zikishapata moto. Ukiona mwenzako anatumia, angalia kwanza mashine yake ni ya aina gani kabla hujamwiga.

Kwenye dizeli mafuta ya taa yanawaka vizuri tu, na ndiyo maana yanadanganya. Madhara yake ni ulainishaji. Pampu ya mzunguko, kama ile ya injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, haina oili yake: dizeli inayopita ndiyo inayoilainisha. Mafuta ya taa ni makavu kuliko dizeli. Kwenye komoni reli, ambapo pampu moja inajaza bomba moja la pamoja la injekta zote, ni mbaya zaidi, kwa kuwa shinikizo ni baa 1,600 na kuendelea, na nafasi kati ya plunja na ukuta wake inahesabiwa kwa maikroni chache. Pampu ikianza kukwaruzika inatoa vumbi la chuma, vumbi linaingia reli, kutoka reli linaingia injekta zote. Hapo kubadilisha pampu peke yake hakuponyi.

Petroli kwenye dizeli ina hatari nyingine tena, ya moto. Dizeli inahitaji kupashwa kupita nyuzi 55 hivi ndipo mvuke wake ushike cheche. Petroli inashika hata kwenye baridi ya barafu. Kiasi kidogo cha petroli kinaligeuza tangi la dizeli kuwa na mvuke unaoshika moto kwenye joto letu la kawaida, na dereva bado analichukulia kama tangi la dizeli.

Oili ya tustroki, ile inayochanganywa na petroli kwenye injini ndogo, ikitiwa kwenye dizeli ndiyo dawa ya kienyeji yenye hoja yenye kichwa na miguu. Kipimo kinachotumika ni moja kwa mia mbili, yaani mililita 300 kwa tangi la lita 60. Hoja yenyewe ni kwamba tangu 2015 viwango vya Afrika Mashariki vilishusha salfa ya dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni, na mchakato wa kuondoa salfa unaondoa pia vitu vinavyolainisha. Ni sahihi. Kilichosahaulika ni kwamba watengenezaji wanarudisha kilainishi kabla ya kuuza. Kwa pampu ya zamani, kipimo hicho hakidhuru, na faida yake ni ndogo kama dizeli ni nzuri. Kwa gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, acheni: oili inaacha majivu, na majivu hayaungui hata chujio lipashwe vipi.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini haina hoja yoyote. Ina masizi, chuma kilichosagika, zinki na kalsiamu. Filta inaziba, na kilichopita filta kinaganda kwenye ncha ya nozeli.

Mafuta ya kula, pamoja na mawese, yana watetezi wanaokumbusha kuwa injini ya dizeli ilioneshwa Paris mwaka 1900 ikitumia mafuta ya karanga. Ilioneshwa, ndiyo. Injini ile ilipuliza mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa, haikuwa na nozeli zetu za leo. Kwenye nyuzi 40 mafuta ya kula ni mazito karibu mara kumi ya dizeli, hivyo nozeli haitoi ukungu, inatoa mkojo. Kinachofika ukutani hakiungui chote. Kinagandisha ringi, na kinachoteremka kwenye oili kinaifanya nzito kama uji. Mawese zaidi ya hapo yanaganda yenyewe: asubuhi ya baridi ya Njombe filta itajaa siagi.

Asetoni: mtandaoni wanasema mililita 80 kwa lita 40. Kwa kipimo hicho haifanyi kitu, si zuri si baya. Ulaji wa mafuta hauwezi kupungua, maana asetoni ina nishati ndogo kuliko petroli. Shida ni mtu asiyeona tofauti akaamua kuzidisha mara tano, mara kumi. Hii oringi, pete ya mpira ya kuzibia, iliyolala kwenye kichupa cha asetoni tangu asubuhi, ilinganisheni na mwenzake mkavu. Imevimba, na nikiibana kwa kucha inachanika. Naftalini, vile vidonge vya kabatini vya kufukuza nondo, nayo inayeyuka kwenye petroli, ila petroli ikikauka kwenye kabureta inarudi kuwa chembe ngumu ndani ya jeti. Na vidonge vingi vya kabatini siku hizi si naftalini, vina klorini, ambayo ikiungua inatoa asidi.

Vidonge na poda za "kubana mafuta" mara nyingi ni chuma, aina ya ferosini. Oktani inapanda kweli. Chuma kinatua kwenye plagi kama kutu nyekundu, na kutu hiyo ikipata moto inapitisha umeme, cheche zinakosa njia. Risasi, ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, ilikuwa hivyohivyo: iligunduliwa mwaka 1921 kuwa inazuia kugonga, ikafanya kazi yake vizuri, ikaua masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi na kutia sumu watu. Kusini mwa Sahara iliondolewa kufikia 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021.

Swali limetoka nyuma: "Nimeshatia, nifanyeje?" Usiwashe swichi hata kidogo, kwa sababu pampu ya tangi inaanza kusukuma ukifika ON. Tenganisha betri. Fyonza tangi lote mahali penye hewa, mbali na moto na simu, kwenye chombo cha chuma kilichounganishwa kwa waya na bodi ya gari. Tia lita 2 za mafuta safi, tikisa gari, fyonza tena. Badilisha filta, na ya zamani ichane uitazame: ukikuta punje zinazong'aa kwenye karatasi, pampu imeshaanza kusagika, na injekta zipelekwe kwa fundi wa nozeli kabla ya kuwasha. Mwisho chomoa stiki ya oili. Ikiwa imepanda au inanuka mafuta, mwaga oili yote na filta yake, hata kama ilibadilishwa wiki iliyopita.